Daraja la Ubaoni

Mwaka jana nilialikwa kwenye warsha ya siku mbili mjini Biharamulo. Waalikwa walikuwa wajumbe wa kamati za shule, walimu wakuu, na wastaafu wachache kama mimi, ambao kazi yetu katika mikutano ya siku hizi ni kufungua kwa sala na kufunga kwa neno la hekima. Mwezeshaji alikuwa binti mwenye umri wa wajukuu zangu, na kwa hakika alikuwa hodari. Hakuandika maneno mengi. Aliwasikiliza watu wakisema, huku akichora kwenye bango kitita yale waliyoyasema: shule yenye paa lililotoboka, mtoto mwenye begi mgongoni, mama mwenye ndoo kichwani. Hata mjumbe asiyejua kusoma vizuri aliweza kunyosha kidole na kusema, "Lile pale ndilo nililolisema mimi."

Jioni ya siku ya pili alifungua karatasi safi, akachora daraja. Upande wa kushoto aliandika "Tulipo". Upande wa kulia akaandika "Tunakotaka kufika", na juu yake akaweka jua linalochomoza. Kwenye daraja lenyewe akaandika "Mpango wetu". Watu wakapiga makofi. Mimi nikaitwa kusema neno la kufunga. Nilisimama, nikaitazama ile picha, nikasema asanteni na safari njema, nikaketi.

Usiku ule usingizi ulichelewa kunijia. Neno nilikuwa nalo, ila nililizuia, kwa kuwa sikujua namna ya kulisema bila kumvunja moyo binti aliyefanya kazi yake vizuri. Insha hii ndiyo neno lile. Nalo ni swali zaidi kuliko jibu: mtu anayerahisisha jambo ili wengine walielewe, ana wajibu gani kwa kile anachokiacha nje ya picha?

Msomaji asidhani kwamba nadharau michoro. Nimekula mkate wangu kwa chaki. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha, na baadaye kukiongoza, nilikuwa na kipindi cha zana za kufundishia, na somo la daraja lilikuwa mojawapo ya masomo niliyoyapenda. Niliwaambia wanachuo hivi: Chora mstari mmoja mnyofu uliolala, urefu wa mkono wako. Chini yake chora upinde mmoja, uanzie chini ya ncha hii ya mstari na kuishia chini ya ncha ile. Unganisha mstari na upinde kwa vijistari vya wima, vitano au sita. Kila upande weka kipande cha ardhi. Juu yake simamisha mtu wa vijiti: duara la kichwa, mstari wa kiwiliwili, miguu iliyopanuka kidogo ili aonekane anatembea. Basi. Ni kazi ya nusu dakika, na hata aliye nyuma kabisa ya darasa ataiona.

Nilisisitiza pia yasiyotakiwa. Usichore kokoto. Usichore misumari. Usitie kivuli. Kila mstari usiosema kitu unamnyang'anya mtazamaji nafasi ya kuona ule unaosema. Mpaka leo naamini hivyo. Picha ya ubaoni si picha ya ukutani sebuleni. Ni usemi, na usemi mfupi ndio unaokumbukwa.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko vijana wanavyodhani. Nilipoanza ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, mikoa ya kandokando ya ziwa ilikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vilihusu kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe. Somo lilianza kwa picha, watu wakazungumza kwanza, herufi zikafuata. Miaka ileile Mbrazili Paulo Freire alikuwa akisomwa sana na watu wa elimu hapa nchini, naye alifundisha kwamba picha iwekwe mbele ya watu kama swali, wala isiwe jibu. Huko San Francisco, Marekani, watu kama David Sibbet walikuwa wanaanza kuchora mikutano kwenye karatasi ndefu za ukutani. Na mwaka 1973 Andreas Fuglesang, Mnorwei aliyefanya kazi Zambia, alitoa kitabu kilichotukumbusha jambo ambalo kila mwalimu wa kijijini alikuwa amekwisha kulionja: picha haijielezi yenyewe. Picha husomwa, na kusoma hufundishwa. Unachokiona wewe uliyechora sicho lazima atakachokiona mwenzako.

Maneno hayo ya mwisho niliyajua kwa kichwa tangu zamani. Kwa moyo nilikuja kuyajua mwaka 1995, wilayani Ngara.

Nani katika pande zetu asiyelijua daraja la Rusumo? Hapo mto Ruvuvu unaotoka Burundi unaungana na mto utokao Rwanda, maji yakaporomoka kwa kishindo, kisha yakaendelea na safari kuelekea Ziwa Viktoria kwa jina la Kagera. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Miaka mia moja baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka hapo kuja kwetu kwa muda wa kama saa ishirini na nne. Daraja lenyewe lilikuwa jembamba, la kupitisha lori moja moja. Waliovuka walikuwa wengi kuliko wakazi wote wa wilaya ya Ngara wa wakati ule. Mahali palipoitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kuweka kambi hapo ilipojenga barabara, pakageuka mji mkubwa wa mahema ya plastiki ndani ya siku chache.

Waliovuka walikuwa watu wa kila namna. Walikuwamo akina mama wenye watoto migongoni, wazee waliobebwa, vijana wasiojua waendako. Walikuwamo pia watu wenye damu mikononi, walioongoza mauaji ya Watutsi na ya Wahutu waliokataa kushiriki. Daraja halikuuliza mtu jina. Na chini yake mto ulikuwa na abiria wengine. Kwa majuma mengi maiti zilishuka na Kagera hadi ziwani, na huko Kasensero, upande wa Uganda, zilizikwa maelfu kwa maelfu. Wanavijiji wa kandokando ya mto huku kwetu waliacha kuyanywa maji yale. Wengine waliacha na samaki.

Mwaka uliofuata shirika moja liliandaa kikao cha wenyeji na wakimbizi katika kijiji kimojawapo jirani na kambi. Ugomvi ulikuwa wa kuni na maji. Vilima vilivyokuwa na miti vilikuwa vimebaki na visiki, migomba ilikatwa usiku, mbuzi walipotea, na kwa upande wa pili kulikuwa na wasichana wa kambini waliopigwa walipokwenda kutafuta kuni. Walikuja watu kama sitini. Niliombwa kuongoza mazungumzo kwa sababu nilijulikana kwamba naweza kuchora, na kwa sababu lugha haikuwa tatizo: Kihangaza cha wenyeji na Kinyarwanda cha wageni vinasikilizana.

Tuliketi chini ya mti kando ya shule. Ubao ulitolewa darasani ukaegemezwa kwenye shina. Nikachora daraja langu. Kushoto nikaandika "Wageni", kulia "Wenyeji", juu ya daraja nikaandika "Amani". Nikaweka na mshale kutoka kushoto kwenda kulia, ili picha iwe na mwendo. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilikuwa nzuri.

Bibi mmoja wa kijiji kile akainuka. Shamba lake, kama nilivyokuja kuambiwa, lilikuwa si mbali na mto.

"Mwalimu," akasema, "daraja nimeliona. Maji yako wapi?"

Nikacheka, nikamshukuru, nikachora mistari mitatu ya mawimbi chini ya upinde.

Yeye hakucheka. "Waliopita juu tunawaona," akasema, "wameketi hapa pamoja nasi. Waliopita chini umewaweka wapi?"

Pakawa kimya. Watu wa pande zote mbili walitazama chini. Nami, mwalimu wa walimu, nilijibu kama mtu anayefukuza nzi: "Bibi, huu ni mfano tu."

Akaketi, akajifunga khanga yake vizuri, hakusema tena. Kabla kikao hakijaisha alikuwa ameondoka, na wanawake wanne au watano waliondoka naye. Hapo ndipo mkimbizi mmoja, aliyekuwa mwalimu huko kwao, aliponiuliza kwa sauti ya chini na ya adabu: "Mwalimu mwenzangu, mshale huo ni wa kuja. Siku ya kurudi, nani atauchora?" Waliokuwa karibu walicheka kidogo, nami nikachukua fursa ya kicheko hicho kuendelea na ajenda. Tukaandikiana sheria za kuni, nani akate wapi na siku gani. Sheria zile hazikudumu hata msimu mmoja.

Desemba 1996 jibu la yule mwalimu lilikuja. Serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi ule. Wengi walianza kwanza kukimbilia mashariki, ndani zaidi ya nchi yetu, wakageuzwa na askari. Kisha barabara ya Rusumo ikajaa vichwa, magodoro, masufuria na baiskeli, watu karibu nusu milioni, wakielekea kule walikotoka. Nilisimama kando ya barabara karibu siku nzima. Nilimtafuta yule mwalimu kwa macho, sikumwona. Lakini mshale wangu niliuona. Daraja lilikuwa lilelile, mto uleule. Ni mshale tu uliogeuzwa, na wala aliyeugeuza hakuwa mmoja wa wale waliokuwa wakitembea.

Tangu siku ile nimejiuliza: je, nilisema uongo ubaoni?

Rafiki yangu mmoja, mkufunzi wa hisabati, alinitetea. "Kila mchoro huacha kitu," aliniambia. "Ramani ya kijiji haionyeshi kila mchungwa. Ikionyesha kila mchungwa si ramani tena, ni kijiji." Hoja yake ni nzito, na nimeifikiri kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba kurahisisha si kudanganya. Lau kurahisisha kungekuwa dhambi, basi kusingekuwa na ualimu. Hata kumwambia mtoto kwamba dunia ni mviringo kama chungwa ni kurahisisha.

Lakini naona kuna kuacha kwa namna tatu, na hazifanani. Namna ya kwanza ni kuacha kisichohitajika: misumari, kokoto, kivuli. Hapo hakuna anayedai kitu. Namna ya pili ni kuacha usichokijua. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu halaumiwi kwa kutochora kina asichokipima, mradi asijifanye amekipima. Namna ya tatu ni kuacha kile ambacho mtu mwingine amekilipia. Mto wa yule bibi ulikuwa wa namna hiyo. Haukuwa pambo la picha. Ulikuwa ndiyo sababu ya daraja kuwapo, na ulikuwa na gharama ambayo yeye aliijua kwa pua yake na kwa ndoo yake tupu. Nilipoufuta, sikurahisisha jambo langu. Nilirahisisha jambo lake, bila ruhusa yake, mbele ya jirani zake. Kisha aliponiuliza, nikamwambia ni mfano tu. Yaani nilimfahamisha kwamba aliyoyaona hayana uzito wa kutosha kuingia hata kwenye mfano.

Hapo ndipo penye kosa, nionavyo mimi. Kosa la kwanza lilikuwa la chaki, na hilo lilisameheka. Kosa la pili lilikuwa la jibu.

Lugha yetu yenyewe ingenionya kama ningeisikiliza. Katika Kiswahili neno daraja lina maana mbili. Ni kivuko kilichojengwa juu ya mto, na ni cheo pia. Sisi walimu tulipangwa kwa madaraja: kulikuwa na mwalimu wa Daraja la A na mwalimu wa Daraja la C, na kila mmoja alijua nani akae kiti gani kwenye mkutano. Mtihani nao una daraja la kwanza na la nne. Sasa mtazame mtu anayechora daraja mbele ya wanakijiji, akaandika kushoto "Tulipo" na kulia "Tunakotaka kufika". Anadhani amechora kivuko. Mara nyingi amechora cheo. Ng'ambo ya kushoto ni gizani, ya kulia jua linachomoza; waliopo kushoto ni wa chini na wanatakiwa kuwa kama wengine. Nani aliyewaambia kwamba huku kwao hakuna kitu cha kubaki nacho? Nani aliyewauliza kama kule wanataka kwenda? Chaki haiulizi. Anayeuliza ni mshika chaki, akikumbuka.

Mafundi wa madaraja wanajua jambo jingine tunalolisahau sisi wachoraji. Gogo lililolazwa juu ya kijito hubeba uzito kwa kuupinda mgongo wake. Daraja la kuning'inia hubeba kwa kuvuta kamba zake. Daraja la upinde, hilo tunalolipenda kwa uzuri wake, husukuma uzito wote chini na nje, kuelekea kwenye kingo. Upinde hausimami kwa nguvu zake peke yake. Husimama kwa kuwa kingo zinakubali kusukumwa. Ukingo ukiwa laini, upinde huanguka. Nilifundisha upinde kwa miaka mingi kabla ya kulifikiri hilo. Katika mwaka ule wa 1994 ulimwengu ulilisifu daraja la ukarimu wa Tanzania, na sifa hizo zilistahili. Lakini uzito uliishia kingoni: kwenye kisima cha kijiji, kwenye kilima cha kuni, kwenye madawati ya shule yaliyogeuzwa kuni, kwenye shamba la bibi mmoja. Nao walioubeba hawakuwamo kwenye picha, isipokuwa kwa neno moja, "Wenyeji".

Nchini Kenya, tangu katikati ya miaka ya 1970, Anne Hope na Sally Timmel walifundisha watu wa maendeleo kwa mbinu zilizotokana na mawazo ya Freire, na mwaka 1984 wakayachapa mafunzo yao huko Zimbabwe katika vitabu vinavyoitwa Training for Transformation. Humo mna igizo lisilo na maneno, nalo ni la mto. Watu wawili wanataka kuvuka, wanaogopa mkondo. Anakuja wa tatu anayejua mawe yalipo. Mmoja anabebwa mgongoni; mbebaji anachoka, anamtua kwenye kisiwa katikati ya mto. Wa pili anaonyeshwa mawe, anajifunza, anavuka kwa miguu yake. Mwisho wa igizo wawili wako ng'ambo, na yule aliyebebwa angali kisiwani peke yake, akipunga mikono. Hapo watazamaji huulizwa tu: mmeona nini?

Kiswahili kinalitofautisha jambo hili kwa herufi chache. Kuna kuvuka, na kuna kuvushwa. Igizo lile lina mto tangu mwanzo hadi mwisho, na halina daraja hata kidogo. Watu huzungumza juu yake kwa saa nzima. Picha yangu ilikuwa na daraja tangu mwanzo, nayo ilikuwa imekwisha kusema kila kitu. Ndiyo maana aliyekuwa na la kuongeza alilazimika kuinuka kunipinga.

Nilirudi chuoni nikabadili somo. Sikuliondoa daraja. Niliwaambia wanachuo: Anza na mto. Chora mistari mitatu ya maji katikati ya ubao, uweke chaki chini, uulize, "Mto huu kwenu ni nini?" Subiri. Ukimya wa dakika moja haujamuua mwalimu yeyote. Wakishasema, uliza tena, "Nani yuko wapi?" Usiandike jina la ukingo wowote mpaka wenye ukingo walitaje. Usiweke mshale. Ukifika wakati wa daraja, chora ncha mbili tu, acha pengo katikati, umpe chaki mtu mwingine.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha, shule moja ya Biharamulo. Siku ile palikuwa na kikao cha wazazi juu ya utoro, hasa wa wasichana. Kijana alichora maji, akauliza, akasubiri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Kisha mto ukaanza kupata majina: umbali wa njia, michango, mahari, mwalimu mmoja anayechapa kupita kiasi (hapo walimu walitazamana). Ilipofika zamu ya daraja, mzee mmoja alichukua chaki, akalitazama lile pengo, akachora mtumbwi. "Daraja ni fedha ya serikali," alisema. "Hatujui itakuja lini. Mtumbwi tunao." Alikuwa na maana kwamba kaya za kitongoji cha mbali zipeane zamu ya kuwasindikiza watoto asubuhi. Walianza juma lile lile. Mimi katika miaka yote ya kufundisha sikuwahi kuwaza mtumbwi.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani nimepata kanuni ya kutibu kila kitu. Kuna shaka moja haijanitoka. Yule bibi aliutaja mto mbele ya watu sitini, na miongoni mwao huenda walikuwamo watu walioujaza. Kambini wakati ule walikuwamo wakubwa wa mauaji waliokuwa bado na nguvu juu ya wenzao, na mkimbizi aliyezungumza sana aliweza asiione asubuhi. Kama ningeacha kila kitu, nikamwambia kila mtu asimame autaje mto kwa jina, pengine ningemponza mtu. Kuna siku ambapo kuuliza "Mto huu ni nini?" mbele ya hadhara ni ukatili. Sasa mshika chaki afanyeje?

Nimefika hapa, na sijaweza kwenda mbali zaidi: siku kama hiyo achore maji, asiyape jina, wala asiyafute. Mistari mitatu ya mawimbi, na ukimya. Mwenye kujua atajua kwamba wanaonekana. Kama mtu akiinuka kuuliza waliko waliopita chini, mwalimu asimwambie ni mfano tu. Aseme, "Bibi, sina mahali pa kuwaweka ubaoni, lakini nimesikia." Nilikuwa na chaki, ubao na cheti, maneno hayo machache sikuwa nayo.

Bibi yule amekwisha kufariki. Nilikwenda kijijini kwake mara moja, mwaka 2003, nikakuta wanawe. Sikuweza kuwaeleza vizuri nilichofuata. Walinikaribisha ndizi, tukazungumza habari za kahawa, nikaondoka.

Daraja la Rusumo nalo si lile tena. Jipya, pana, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilizinduliwa na marais Magufuli na Kagame tarehe 6 Aprili 2016, na malori hupishana juu yake bila kungojana. Maporomoko ya hapo yamewekewa mitambo ya umeme wa megawati 80, unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Nimelivuka mara mbili kwa basi. Mara zote mbili niliona abiria wakitazama mbele, kwenye ofisi za mpakani, vitambulisho mkononi. Siwalaumu. Daraja zuri ndivyo lilivyo: humsahaulisha mtu kwamba anavuka kitu.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule binti mwezeshaji, akaja nyumbani. Nilimsimulia haya yote kama nilivyoyaandika. Alisikiliza kwa utulivu, hakujitetea. Kisha akafungua daftari lake, akachora mistari mitatu ya maji katikati ya ukurasa.

"Babu," akaniuliza, "kwa wale wa kamati za shule, huu mto ungekuwa ni nini?"

Nilikuwa na majibu matano tayari mdomoni. Nikamwambia awaulize wao.